Siku Zimamoto Walipofua Kitambaa cha Mama Mkwe

Nianze kwa kukiri kabisa ili mnicheke mapema tumalizane: mimi ndiye yule dada wa Anderlecht, hapa Brussels, aliyefanya jengo zima litolewe nje Jumamosi mchana kweupe, wazee na mbwa wao, watoto na chupi zao, kisa mkojo. Na wala si choo kilichoziba, si bomba lililopasuka, hapana, ni mkojo niliouweka mwenyewe kwa makusudi, nikaufunika vizuri, nikauchungulia kila jioni kama mtu anayegandisha maziwa. Mpaka leo nikiingia duka la mikate pale kona, mama muuzaji ananiangalia, halafu ghafla anakuwa na kazi kubwa ya kupanga mikate iliyokwisha kupangwa, na mabega yanamtikisika.

Sasa ili msinione kichaa moja kwa moja, ngoja niwaambie nilifikaje hapo. Naitwa Tumaini, kwetu Singida, na kazi yangu ni kupanga mikutano kwenye ofisi moja karibu na Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya (watu wa ofisi yetu wanapenda mikutano kuliko chakula). Kila asubuhi napanda metro kutoka Anderlecht, simu masikioni, nasikiliza vipindi vya mambo ya kale, na katika mambo ya kale ugonjwa wangu ni Warumi. Sizungumzii vita na makaisari wao, hayo kila mtu anayajua. Mimi napenda yale ya uani: kwamba walikaa chooni wengi pamoja, bega kwa bega, bila ukuta wala pazia, wakipiga soga, kwamba walinenepesha vipanya vya msituni ndani ya mitungi halafu wakawala kama kitoweo cha wageni, kwamba jasho la wapiganaji wa uwanjani lilikwanguliwa na kuuzwa kama dawa ya ngozi. Nikishasikia kitu cha hivyo siwezi kukaa nacho peke yangu, lazima nimwambie mtu, na mtu mwenyewe kwa kawaida ni Trésor.

Trésor wakati huo alikuwa mchumba wangu. Ni Mkongomani, wazazi wake ni watu wa Lubumbashi waliohamia Brussels zamani, wanakaa upande wa Ixelles. Baba yake, Papa Floribert, ni mcheshi ambaye anapenda kuuliza maswali. Mama yake, Maman Astrid, alikuwa muuguzi hospitalini mpaka alipostaafu, na ana ule utulivu wa wauguzi ambao hujui kama amekasirika au anakuhesabia mapigo ya moyo. Siku ya kwanza nilipowaamkia "shikamoo" nikiwa nimepiga goti nusu, wakatazamana, Papa akauliza, "Anatafuta kitu chini?" Basi mnaweza kuelewa nilivyokuwa nikiwaogopa, hasa Maman, maana alinipokea vizuri mno, na mimi mtu akinipokea vizuri mno nakosa usingizi.

Miezi michache kabla ya harusi wakatuita chakula cha Jumapili. Nafika, nakuta mezani kimetandikwa kitambaa cheupe cha lesi ambacho sijawahi kukiona, kazi ya mkono tupu, maua madogo madogo mpaka ukingoni. Trésor akaninong'oneza kwamba hicho alikisuka bibi mmoja wa Kibelgiji ambaye Maman alimuuguza mpaka mwisho wake, akamwachia kama ukumbusho, na hakitolewi hovyo. Maman akasikia. Akasema, kwa Kiswahili chao ambacho "kutosha" ni kutoa na "njo" ni ndiyo, "Nimeitosha leo sababu yako. Na siku ya ndoa njo itakuwa ku meza yenu, table d'honneur," yaani meza ya bibi na bwana harusi. Nikasema asante Maman, na moyoni nikasema Mungu wangu, nisipumue karibu nacho.

Tukala. Kulikuwa na ugali, samaki, na sombe, yaani kisamvu, lakini kisamvu chao kinaogelea kwenye mawese mekundu kama jua la jioni. Papa Floribert akaniuliza, "Alors, Tumaini, Baroma yako banasema nini leo?" (Baroma ni Warumi; Trésor alishanitangaza.) Mimi si nikafunguka! Nikawaambia kwamba mgeni wa Kirumi alikuja karamuni na kitambaa chake cha mkononi, na akiondoka anafungia humo mabaki apeleke nyumbani. Papa akapiga meza kwa furaha, "Kumbe ni bantu ya kwetu!" Nikawaambia kwamba nguo nyeupe za wakubwa zilifuliwa kwa mkojo uliochachushwa, watu wanaukusanya kwenye mitungi barabarani, mpaka kaisari mmoja akautoza kodi. Maman akaacha kutafuna kidogo, akaendelea. Mimi nikiona watu wananisikiliza sijui kusimama, nikasema na matajiri walikula wamelala.

"Wamelala namna gani?" Papa akauliza. "Na chakula haiingie mu pua?"

Jamani. Ningesema tu kwamba waliegemea kiwiko cha kushoto, yakaisha. Lakini mwenzenu nikaamua kuonyesha. Nikasogeza kiti, nikakiinamisha upande, nikaegemea kiwiko cha kushoto mezani, nikanyoosha mkono wa kulia kama bibi tajiri wa Roma anayefuata zabibu, nikasema, "Hivi, Papa," na kiti kikateleza. Nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni bakuli la sombe.

Mawese yalitembea kwenye lesi taratibu, ua moja baada ya jingine, kama yanachagua. Maman alitazama doa, akanitazama mimi chini, akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Nikamwambia, "Maman, usijali, hiki niachie mimi, nitakirudisha cheupe kuliko kilivyokuwa." Akasema, "Hapana, mutoto, acha tu, miye nitaangaria." Nikang'ang'ania. Nilikikunja kitambaa mwenyewe, nikakitia kwenye mfuko, nikaondoka nacho kama mtu anayekimbiza mgonjwa.

Mjue kwamba sisi Singida mafuta yetu ni ya alizeti, mafuta mapole yasiyo na ugomvi na mtu, ukimwagikiwa unafua kwa sabuni maisha yanaendelea. Mawese nilikuwa siyajui. Nikafua kwa sabuni ya vyombo, doa likatoka wekundu likawa la njano, na likapanuka. Nikatia ndimu na chumvi, likapanuka zaidi. Nikakipeleka kwa dobi wa mashine kule Chaussée d'Ixelles, yule mama akavaa miwani, akakigeuza geuza, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema lesi ya umri huu yeye hagusi, ikichanika atamwambia nini mwenyewe. Nikamwambia hilo ndilo swali langu na mimi.

Nikiwa kwenye metro kurudi nyumbani, ndipo wazo likanijia, na lilikuja kwa utulivu kabisa kama wazo la mtu mwenye akili. Watu wale walivaa nguo nyeupe karne na karne bila mashine wala unga wa sabuni. Mkojo ukikaa unageuka amonia, na amonia ndiyo hiyo hiyo imo kwenye dawa za kusafishia madirisha. Sasa tatizo liko wapi? (Nawaomba, mtu akiwauliza "tatizo liko wapi" kwa sauti ile niliyojiuliza mimi, waiteni ndugu zake.)

Nikamwambia Trésor. Aliniangalia muda mrefu. Halafu, kwa sababu ananipenda na kwa sababu yeye pia anamwogopa mama yake, akauliza, "Ndoo iko wapi?" Kwa hiyo wenzangu mliooa na kuolewa mlichangiwa fedha na mbuzi, mimi mchango wa kwanza wa harusi yangu ulikuja kwenye ndoo, na mchangiaji mkubwa alikuwa bwana harusi mwenyewe, alichanga kwa moyo, kila akitoka kazini anapita kuchanga. Ndoo tukaifunika, tukaiweka kwenye stoo yangu chini ya jengo, kila mpangaji ana chumba chake kule cha kuwekea baiskeli na masanduku. Na mwezi ule Brussels ilipatwa na joto la ajabu, watu wanalala madirisha wazi, kwa hiyo ndoo yangu ilichachuka vizuri kuliko hata Warumi wangetarajia.

Ijumaa Maman akapiga simu. "Tumaini, kesho na Papa tutapita kwako kuona nappe. Usisumbuke na chakula." Nikasema karibuni sana Maman, kitambaa kipo, kinaendelea vizuri (kama mgonjwa!).

Jumamosi asubuhi nikashuka stoo na beseni, glavu na mabuti ya mvua. Nikafunua ndoo, machozi yakanitoka papo hapo, nikajiambia hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Nikachanganya na maji, nikatumbukiza lesi, nikapanda ndani ya beseni, maana wafuaji wa Kirumi walikanyaga kwa miguu, nikakanyaga taratibu nimeshika ukuta huku naimba ili nisifikirie ninachokifanya. Halafu nikakiacha kiloweke, beseni wazi, ndoo wazi, mlango nimeurudishia tu, nikapanda juu kuoga na kupika pilau, kwa sababu mtu akikwambia usisumbuke na chakula maana yake upike.

Sijui ilipita muda gani. Pilau imeshaiva, nakaanga vitunguu vya kupambia, nikasikia mlango unagongwa kwa ngumi, nafungua, namkuta jirani yangu Madame Lucienne, bibi wa makamo na kijibwa chake kwapani, leso puani, anasema kwa Kifaransa kwamba kuna sumu imevuja kwenye jengo, koo linamwasha, ameshaita zimamoto, tutoke wote! Mimi sikunusa kitu. Pua yangu ilikuwa imeshazoea tangu asubuhi, na juu yake kuna vitunguu. Nikazima jiko, nikachukua pasipoti, nikachukua na sufuria ya pilau (msiniulize), nikateremka mbio.

Nje tulijaa njia nzima. Na mimi, jamani, mimi huyu huyu nikawa mstari wa mbele kulaumu. Nilisema mwenye jengo hajali maisha yetu. Nilisema ni mafriji mabovu ya ghorofa ya chini. Nilimkumbatia Madame Lucienne nikamwambia ametuokoa. Zimamoto wakafika na gari lao, wakavaa vinyago vya kupumulia, wakashuka chini, na watu wakabaki wanatazama mlango. Akatoka mmoja, kijana mrefu, akavua kinyago akauliza stoo iliyo mwisho wa ujia, yenye baiskeli ya kijani, ni ya nani?

Baiskeli ya kijani ni yangu.

Ndipo harufu ikanifikia. Ilipanda polepole kutoka kumbukumbuni, si puani. Nikainua mkono kama mwanafunzi aliyekojoa darasani, na kwa kweli hatukuwa mbali na hapo.

"Ni dawa gani iliyo kwenye beseni, madame?" akaniuliza. Kwa upole kabisa, maana alidhani na mimi ni mhanga.

"Ni… ya Kirumi," nikasema.

"Ya Kirumi. Ina nini ndani?"

"Amonia. Ya asili."

"Asili gani?"

Sufuria ya pilau ilikuwa nzito mno mikononi. Nikamsogelea nikasema kwa sauti ya chini kabisa, "Pipi," ambayo kwa Kifaransa si peremende, ni mkojo. Akaniinamia, "Pardon?" Nikarudia. Yule kijana akasimama wima, akashika redio yake ya begani, akawatangazia wenzake walioko chini, na njia nzima, na kijibwa cha Madame Lucienne, "C'est du pipi. Je répète, du pipi."

Madame Lucienne akaondoa mkono wangu begani kwake.

Na hapo hapo, kana kwamba kuna mtu aliyepanga, wakatokea upande wa kituo cha metro watu watatu wamependeza: Papa Floribert na kofia yake, Trésor kabeba boksi la keki, na Maman Astrid kwenye kitenge cha bluu. Na zimamoto wa pili naye anatoka mlangoni, kinyago usoni, amenyoosha mikono mbele, ameshika beseni langu, na ukingo wa lesi unaning'inia nje.

Maman alisimama. Aliangalia gari la zimamoto, akaangalia umati, akaangalia beseni.

"Ile," akasema, "njo nappe yangu?"

Nikasema ndiyo, Maman.

"Iko mu nini?"

Akasogea, akavuta hewa mara moja, na mtu aliyekuwa muuguzi maisha yake yote hahitaji mara ya pili. Akageuka.

"Mukojo ya nani?"

Nikamwangalia Trésor. Trésor akaangalia mawingu, na siku ile hapakuwa na wingu hata moja.

"Yetu, Maman," nikasema.

"Yenu? Yenu namna gani, yenu?" Kisha akamgeukia mwanawe, polepole. "Trésor. Na weye?"

"Kidogo tu, Maman," Trésor akasema. Nikamtazama. Akasema, "Bon. Mingi."

Papa Floribert hapo alikuwa ameshakaa kwenye ukingo wa njia, kofia usoni, anatikisika mzima, anasema kwa sauti ya mtu anayekosa pumzi, "Baroma bamefika Anderlecht!" Mimi nilitaka ardhi inimeze na sufuria yangu. Nikasema imekwisha, harusi hakuna, nitarudi Singida na nitamweleza nini mama yangu.

Maman hakucheka wala hakufoka. Akampa Papa mkoba wake, akakunja mikono ya kitenge, akamwendea yule kijana wa redio, akamwambia kwa Kifaransa cha wodini kwamba wana maji mengi kwenye gari lile na wala hakuna moto, kwa hiyo wamsaidie. Kijana akasema madame, mpira wa zimamoto si wa kufulia. Maman akamtazama tu. Basi, jamani, kitambaa kikatandazwa kwenye uzio wa chuma mbele ya jengo, kijana akafungua maji kidogo kidogo, na Maman kasimama pembeni yake kidole juu, "Doucement, monsieur. C'est de la dentelle," yaani taratibu, hii ni lesi. Akizidisha, kidole kinapanda, akipunguza, kinashuka. Njia nzima imesimama inatazama. Madame Lucienne akasahau leso, akasogea mbele aone maua vizuri, akaanza kutoa ushauri.

Walipomaliza Maman akakinusa, akakigeuza doa likaelekea jua, akakiacha pale pale kwenye uzio. "Mawese inaogopa jua," akaniambia. "Kwetu hatuhangaike nayo. Unaianika, jua inaikula. Ile siku nilikuambia uniachie." Nikasema ndiyo, Maman. Nilikuwa nimekiweka gizani chini ya ardhi wakati juu kunawaka jua ambalo Brussels haijazoea.

Zimamoto wakatuambia jengo lipate hewa kwanza, tusubiri nje. Nikajikuta nagawa pilau kwa majirani niliowatoa majumbani mwao, tukila kwenye visahani vya karatasi kutoka boksi la keki, na wachache walikataa, wala siwalaumu. Maman alikaa kwenye kiti cha kukunja cha Madame Lucienne akilinda kitambaa. Nikamletea sahani, nikachuchumaa karibu, nikaomba msamaha kwa maneno yote niliyoyajua ya Kiswahili chetu na chao.

Akala kijiko kimoja. Akauliza, "Sababu gani haukunipigia simu?"

"Niliogopa, Maman."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Akaweka kijiko chini. Kisha akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "Weye, mutoto, uliniogopa miye kuliko mukojo?" Nikajaribu kujibu, nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka tena kicheko, na nilipoinua uso nikakuta na yeye anafuta macho kwa ncha ya kitenge, meno yote nje. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona Maman Astrid akicheka. Anacheka kimya kimya, mwili mzima, kama anazuia kikohozi.

Kufikia jioni doa lilikuwa limefifia mpaka ulitafute kwa kidole. Harusi tulifunga, kitambaa kilikuwa mezani, na Papa Floribert alipopewa nafasi ya kusema maneno mawili kuhusu bibi harusi alisema maneno mengi sana, mengine nilikuwa nimemwomba kwa magoti asiyaseme. Mama yangu, aliyekuja kutoka Singida na hakuwa ameambiwa chochote, akaniuliza meza nzima inacheka nini. Nikamwambia ni mambo ya Kikongo.

Mimi nimeapa: Warumi nitawasikiliza, nitawasimulia, lakini kuonyesha kwa vitendo, sitarudia mpaka naingia kaburini. Na kitu kikiharibika, hata kiwe kidogo namna gani, napiga simu kwanza. Wiki iliyopita tu maziwa yamefurika jikoni nikampigia Maman Astrid. Akapokea. Hakusema hata halo.

"Umelowesha nini tena?"